Karatasi Moja kwa Kila Familia

Joto la Durban lilipoanza kulegea, mwezi wa nne hivi, wenzangu ofisini walikuwa wakishusha pumzi. Mimi hofu ilikuwa ikianza kunirudia. Nawaandikia ninyi vijana mnaokalia sasa ile meza ya kona, karibu na mashine ya kurudufu, kwa sababu nimestaafu juzijuzi tu na bado nakumbuka mambo yalivyokuwa. Mtaambiwa kazi yenu ni kugawa karatasi za matangazo kwa wazazi. Itikieni kwa adabu, halafu mwendelee kusoma hapa.

Niliajiriwa mwanzoni mwa mwaka 2008, na niliajiriwa kufagia. Shule yetu ya msingi, mnavyoijua, imebanwa na maghorofa ya Albert Park, na watoto wake wengi ni wa Wakongo, wachache wetu sisi Watanzania, na wenyeji Wazulu na Wahindi. Siku yangu ya kwanza nilikuta kinamama wa Kikongo wamejazana getini, kila mmoja ameshika karatasi ya Kiingereza, wanaulizana kwa Kiswahili kilichochanganywa na Kifaransa: hii inasema nini? Nikaegemeza ufagio ukutani nikawasomea. Ilikuwa habari ya picha za shule. Bi Govender, katibu wa shule, alikuwa anatazama dirishani. Akaniita akaniuliza kama naijua lugha yao. Nikamwambia ni lugha yangu pia, ingawa wao wanaizungumza kana kwamba wameikopa na hawana haraka ya kuirudisha. Hakucheka, alikuwa mtu wa kucheka Ijumaa tu. Akasema, "Basi ufagio uache hapo hapo."

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa matangazo. Ufagio niliurudia kila mfagiaji mpya alipougua, na waliugua sana.

Bi Govender ndiye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha kupepeta rimu ya karatasi kabla ya kuitia kwenye mashine ili zisitoke mbilimbili, na kuiacha mashine ipumzike inapoanza kunuka. Alinifundisha kwamba jambo kubwa liwe mstari wa kwanza, kwa sababu mama anasoma akiwa amesimama, mgongoni ana mtoto, na taxi, hizi daladala za huku, inampigia honi. Karatasi za darasa la kwanza tulizibana kwa pini ndani ya begi, siyo nje, maana nje kila mtu barabarani atasoma mtoto huyu anatoka saa ngapi na nani anamchukua. Jambo hilo la mwisho sikulielewa mara moja. Nilidhani ni uzito wa tabia yake tu.

Nami nikaongeza langu. Kila siku ya matangazo nilibeba kreti tupu la maziwa hadi getini, nikalipindua, nikapanda juu yake na kusoma karatasi yote kwa Kiswahili, kwa sauti. Baba Dlamini, mlinzi wa geti, aliniita redio. Kinamama walisikiliza, wakauliza, wakabisha. Mmoja aliwahi kuniambia nishuke kwanza ninywe maji ndipo niseme habari ya chawa, kwa kuwa nilikuwa nawatisha watu.

Matangazo ya majira yale yalikuwa yaleyale kila mwaka. Sweta la bluu iliyokolea, siyo bluu yoyote mliyoikuta sokoni. Andikeni jina la mtoto ndani ya kola. Jua sasa linazama mapema, mtoto asiachwe kucheza bustanini hadi giza. Mafua yameanza, mwenye homa abaki nyumbani. Kinamama waliotoka milimani huko Kivu waliposikia neno baridi walimvika mtoto koti, kofia ya sufu na glavu, na nje watu wanatembea na fulana. Mtoto alirudi jioni na glavu moja. Sanduku letu la vitu vilivyopotea lingeweza kuvisha kijiji kizima, upande wa kushoto tu.

Lakini majira hayo hayo ya kwanza, mwaka 2008, ndiyo yaliyonifundisha hofu. Habari zilianza kutoka Johannesburg kwamba wageni wanapigwa na kufukuzwa majumbani. Kisha minong'ono ikafika kwetu. Nilipanda juu ya kreti langu nikasoma habari za masweta, na hakuna aliyeuliza habari za masweta. Waliuliza, "Jumatatu shule iko wazi? Mtatulindia watoto?" Sikuwa na ruhusa ya kujibu. Nilisoma tena mstari wa masweta. Hakuna baya lililofika kwenye geti letu mwaka ule, lakini kwa siku kadhaa nusu ya madawati yalikuwa matupu, na kila mlango ulipobamizwa na upepo niliruka. Nilijiona mjinga kwa kuruka. Siku hizi najua sikuwa mjinga.

Miaka ikapita, tukazoea. Nikaanza kutuma ujumbe wa simu kwa wazazi pamoja na karatasi, ingawa wazazi wetu walikuwa wakibadili namba kama watu wanavyobadili soksi. Ukimpigia mama wa mtoto anayetapika, anapokea kijana wa saluni ambaye hajui hata habari ya mtoto. Vyumba navyo watu walivihama hivyo hivyo, wakarudiana, wakaachiana, namba zikabaki kwetu na wenyewe hawapo. Kwa hiyo sikuacha karatasi, na kreti sikuliacha.

Mwaka 2014 tukaletewa programu mpya ya kompyuta ya kuorodhesha wanafunzi. Karatasi zilikuwa zimepanda bei na mkuu wa shule, mama mmoja mtulivu aliyekuwa akizunguka madarasa na kikombe cha chai mkononi, akatoa agizo jipya: karatasi moja kwa kila familia, apewe mtoto mkubwa. Lilikuwa agizo la maana. Kwa nini watoto watatu wa nyumba moja wapeleke karatasi tatu zilezile? Programu ikapanga watoto kwa majina ya ukoo. Akina Khumalo karatasi moja, akina Pillay karatasi moja. Kompyuta ikatoa orodha safi ya familia, na walimu wa zamu wakapewa nakala ya kutumia getini wakati wa kuwatoa watoto. Bi Govender alifurahi hata siku isiyokuwa Ijumaa.

Basi tukafika mwaka 2015, mwezi wa nne.

Muhula wa pili ulikuwa ndiyo kwanza umefunguliwa. Fujo dhidi ya wageni zilikuwa zimeanza tena, na safari hii hazikuwa za Johannesburg, zilikuwa hapa hapa. Katikati ya mji maduka ya Wakongo na Wasomali yalishusha milango ya chuma. Kwenye simu za watu zilizunguka jumbe zisizokuwa na mwenyewe: kesho watakuja mtaa huu, kesho kutwa mtaa ule. Nusu ilikuwa uongo, na shida ni kwamba hukujua nusu ipi. Mimi naishi kitongoji cha Bluff, na asubuhi kwenye taxi nilikuwa nakaa kimya kuanzia kituo cha kwanza hadi cha mwisho, simu nimeizima ili ndugu wa Tanga asipige nikalazimika kujibu kwa Kiswahili. Mtu wa umri wangu, anaogopa kusema habari za asubuhi.

Mkuu wa shule aliamua tutoe tangazo la haraka. Kuanzia kesho yake watoto watatoka saa tano asubuhi badala ya saa nane. Darasa la wanaobaki hadi jioni limefungwa. Kila mtoto achukuliwe getini na mtu mzima wa nyumbani kwao. Nilirudufu karatasi za manjano, nikatuma na ujumbe wa simu kwa namba tulizokuwa nazo, tukagawa. Siku ile sikupanda kreti. Mkuu alisema tusiwakusanye watu getini wakisikiliza Kiswahili kwa sauti, na nilimkubalia kabisa. Karatasi moja kwa kila familia, mikononi mwa mtoto mkubwa.

Kesho yake saa tano geti lilikuwa kama limevamiwa. Wazazi walikuja wakitweta, wengine wamefunga vitambaa vichwani kuficha misuko ya Kikongo, wengine na watoto wa majirani watano mikononi. Mwalimu wa zamu aliita kwa orodha, familia moja moja, Baba Dlamini akafungua geti kiasi cha kupita mtu na kulifunga. Mimi nilikuwa ndani na wadogo wa darasa la kwanza nawavalisha mabegi. Tulipofika adhuhuri walikuwa wamebaki wachache, nao wakachukuliwa. Nikaketi.

Ndipo akatokea Mama Moise.

Nilimfahamu. Ni mama wa kutoka Butembo, kule mashariki ya Kongo, mume alishafariki, na anafanya kazi Jacobs kwenye kiwanda cha maboksi ambako simu wanaziacha kwa mlinzi mlangoni, na namba yake tuliyokuwa nayo ilikuwa ya zamani. Moise wake alikuwa darasa la kwanza, mtoto mwembamba, hasemi mpaka asemeshwe, na kila siku alibaki shuleni hadi saa kumi. Leo mama amekuja saa saba bado na aproni ya kiwandani, kwa sababu meneja aliona moshi upande wa mjini akawaruhusu wageni waondoke.

"Mama Zuhura," alisema, hata salamu hakunipa, "watu banasema shule imefungwa. Moise iko wapi?"

Nikamwambia watoto wote wameshatoka saa tano, si mlipata karatasi? Akasema karatasi gani. Nikamshika mkono nikaingia naye ofisini, Bi Govender akafungua orodha kwenye kompyuta, akaangalia na alama za mwalimu wa zamu, uso wake ukalegea.

"Hamna shida," alisema. "Moise Paluku ametoka na kaka yake, Jonathan Paluku wa darasa la sita. Karatasi alipewa Jonathan. Leo wamechukuliwa pamoja na mama yao."

Nikamtafsiria Mama Moise. Alinitazama kana kwamba nimemtukana.

"Mama yao nani? Mama yake ni miye!"

"Siyo familia moja na Jonathan? Jina la ukoo ni lile lile, Paluku."

"Eish, Mama Zuhura! Paluku si jina la famille. Kwetu Banande, mutoto mwanaume wa kwanza anaitwa Paluku. Wa pili Kambale. Wa tatu Kasereka. Kila nyumba iko na Paluku wake! Moise hana kaka. Miye niko na mutoto moja tu!"

Mimi ni mtu wa Tanga. Kiswahili tunagawana, lakini habari ya Wanande kuwapa watoto majina kwa kufuata nani alizaliwa wa ngapi nilikuwa siijui, na Bi Govender hakuijua, na waliotengeneza programu ya kompyuta ndiyo kabisa. Tulisimama pale watatu tukitazama kioo cha kompyuta. Sasa niliona: akina Kambale tisa kwenye orodha, familia moja. Akina Kasereka, familia moja. Lakini hao walikuwa wameshachukuliwa na jamaa au majirani waliowatambua. Moise alikuwa ametolewa getini kwa mama asiyekuwa wake, katika mji ule, siku ile.

Bi Govender alipiga namba ya Mama Jonathan. Imezimwa. Akapiga tena. Imezimwa. Alijaribu polisi, simu ikaita weee mpaka ikakatika. Nikakimbia getini kwa Baba Dlamini.

"Jonathan namkumbuka," alisema. "Mama yake alikuwa na kitenge chekundu. Mdogo alikuwa anatembea nyuma yao."

"Nyuma yao vipi? Alishikwa mkono?"

Alifikiri, na ninamshukuru kwamba hakunidanganya. "Mama, sikuona. Watu walikuwa wengi. Nilifunga geti."

Mama Moise alikuwa nyuma yangu na alisikia. Hakulia. Alianza kuvua aproni, akashindwa kufungua fundo, akaiacha.

Mkuu wa shule alitoka ofisini kwake bila kikombe. Alisikiliza kwa dakika chache, akasema yeye na Bi Govender watabaki wakipiga simu na kungoja, iwapo mtoto atarudishwa, na akaniuliza kama nipo tayari kwenda na mama hadi kwa akina Jonathan. Aliuliza, hakuamuru. Nitasema ukweli, nilitaka kusema hapana. Nilikuwa naogopa barabara ile kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote tangu nije nchi hii. Nikasema nipo tayari kwa sababu Mama Moise alikuwa ameshafika getini.

Anwani tuliyokuwa nayo ilisema jengo tu, lile ghorofa refu upande wa pili wa bustani. Namba ya chumba haikuwapo. Huko watu wanapanga kitanda, wanapanga nusu ya sebule, wanahamia chumba cha jirani, nani ataandika namba?

Tulishika njia. Kabla hatujavuka robot ya kwanza, yaani taa za barabarani, nilimnong'oneza, "Usiseme kitu njiani. Mimi nitasema Kiingereza tukiulizwa." Akaitikia kwa kichwa. Milango ya saluni ilikuwa imefungwa, na ile meza ya mama anayeuza vocha ilikuwa imepinduliwa, sijui na yeye mwenyewe kwa haraka au na nani. Kundi la vijana lilikuwa limesimama kwenye kona, mikono mitupu, wanacheka. Labda walikuwa vijana tu. Nilimshika Mama Moise mkono. Kila mtoto mwenye sare aliyetokea mbali nilimwona ni Moise mpaka alipokaribia. Kwenye bustani kulikuwa na begi dogo la shule chini ya benchi. Mama Moise akakimbia kuliangalia. Lilikuwa la msichana, la waridi, na lilikuwa la zamani limejaa mchanga. Alilirudisha pale pale taratibu, akalifunga zipu.

Jengo lilikuwa limefungwa. Mlinzi wa ndani alichungulia nyuma ya nondo akasema kwa Kizulu kisha kwa Kiingereza kwamba haruhusiwi kufungua kwa mtu yeyote, ndiyo makubaliano ya wapangaji. Nikamweleza habari ya mtoto. Alihuzunika, nilimwona, lakini akauliza chumba gani. Hatukujua. Akasema basi, Mama, nitagonga vyumba vingapi?

Nilitazama juu. Madirisha yote yalikuwa na mapazia. Jengo lililojaa watu kuliko soko, na lilikuwa halina hata sauti ya sufuria. Watu wote walikuwa ndani, wamejificha. Nikaanza kupanga cha kufanya, nimpigie nani, nimwombe mlinzi atumie redio, na nilikuwa bado napanga Mama Moise aliporudi nyuma hadi katikati ya barabara, akaweka mikono mdomoni, akaita kwa sauti yote aliyokuwa nayo:

"Palukuuu!"

Nikasema Mungu wangu. Kwenye kona wale vijana waligeuka. "Mama, nyamaza!" nilimwambia. Alinisukuma.

"Palukuuu! Palukuuu! Ni miye mama!"

Pazia moja likasogea, ghorofa ya pili. Kichwa cha mwanamke kikatokea, kikatazama chini, kikageuka ndani kuhakikisha wake yupo. Kisha dirisha la juu yake likafunguka. Kisha balkoni ya upande. Kinamama wakatoka mmoja baada ya mwingine, huku na huku, kila mmoja ana Paluku wake, kila mmoja anataka kujua ni nani anayeitwa. Siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini. Mmoja aliuliza kutoka juu, "Paluku gani?" na Mama Moise akajibu, sauti sasa inapasuka, "Moise! Moise wangu! Wa shule!"

Tukangoja. Naukumbuka muda huo kuliko miaka yangu yote ya kazi. Nilikuwa naangalia kona na naangalia madirisha, na vijana walikuwa wameanza kutembea kuja upande wetu, polepole, na sikujua kama ni kwa ubaya au kwa udadisi.

Halafu juu kabisa, karibu na paa, mwanamke wa kitenge chekundu akatoka balkoni, akainama ndani, akanyanyua mtoto kwa makwapa akamwinua juu ya ukingo ili aonekane. Mtoto alikuwa amevaa fulana kubwa isiyokuwa yake na alikuwa anatafuna.

Mama Moise aliketi barabarani. Hakuanguka, aliketi tu, miguu imenyooka mbele, kama mtu aliyefika nyumbani. Wale vijana walipofika, mmoja wao aliniuliza kwa Kizulu amepatwa na nini. Nikamwambia kwa Kiingereza mtoto wake alikuwa amepotea. Akasema pole, Ma, akanisaidia kumnyanyua. Kisha wakaenda zao. Nimesema nitawaambia ukweli, na huo nao ni ukweli.

Mlinzi akafungua. Juu, Mama Jonathan alikuwa amesimama mlangoni tayari amekasirika, kwa kuwa alikuwa ameogopa na yeye.

"Bananipatia watoto wawili," aliniambia mimi, maana mimi ndiye shule. "Nikasema kwa mwalimu, huyu mudogo si wangu. Mwalimu anasema 'quick, Mama, quick,' geti imefungwa. Ningemuacha barabarani? Ningemupatia nani? Simu nimezima, juu ya ile bamessage ya kutisha watu. Nikamupa chakula, basi."

Mama Moise hakumsikia. Alikuwa amepiga magoti anamshika mtoto kichwa, mabega, mikono, anamkagua kana kwamba amemnunua sasa hivi, na mtoto amesimama na kipande cha mkate mkononi hajui akimbilie wapi. Alipomaliza alinyanyuka akamwinamia Mama Jonathan mpaka chini. Mama Jonathan akaacha hasira. Akaenda kuongeza maji kwenye sufuria. Mama Moise na mwanawe walilala pale siku kadhaa. Mimi nilipiga simu shuleni, na upande wa pili nikasikia Bi Govender, mtu wa kucheka Ijumaa tu, analia kwa sauti.

Tulipofungua tena baada ya kufunga shule siku kadhaa, tulikaa ofisini na kinamama wawili wa Kinande, tukapitia orodha jina kwa jina. Agizo la karatasi moja lilifutwa. Nawaambia ninyi mnaokalia meza ile: kompyuta mpya itakuja, itakuwa nzuri kuliko ile, itawapangia watu vizuri sana. Kabla hamjaipa mlango wa geti, wasomeeni wazazi wenyewe orodha yao, kwa sauti, wawaambie nani ni wa nani. Inachosha. Wanabisha. Fanyeni.

Watoto wengi hawakurudi muhula ule. Wengine walikwenda kwenye kambi za mahema, wengine Kongo, wengine sikupata kujua. Kila asubuhi nilisimama getini nikihesabu nyuso bila kutaka kuhesabu. Moise alirudi wiki ya pili, kashikwa mkono na mama yake, na mama alimwacha kwangu akakimbilia taxi ya Jacobs.

Nilimweka pembeni kidogo, chini ya ukuta. Nilikuwa nimelibeba swali lile tangu siku ile na lilikuwa halinipi usingizi. Nikamuuliza taratibu, siyo kwa kumlaumu: mwalimu alipokuambia nenda na kaka yako, Moise, wewe ulijua Jonathan si kaka yako. Mbona hukusema?

Alitazama viatu vyake. Nilidhani hatajibu, hakuwa mtoto wa kujibu.

"Kila mutu walikuwa banamubeba," alisema. "Miye hakuna mutu alikuja. Kama ningesema hapana, nani angenibeba?"

Nilimshika mkono. Kengele ikalia, nikampeleka mwenyewe hadi mlangoni mwa darasa.